Soneti Iliyokatizwa na Msiba

Saa kumi na mbili asubuhi, Afoley Borketey anasimama kwenye kizingiti cha karakana ya ushonaji hapa Teshie, pembezoni mwa jiji la Accra, na kufanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aingie kwenye kazi ya kutangaza: ananong'ona.

"Soneti ya Kiingereza, mistari yake ni nne, nne, nne, halafu mbili. Ya Kiitalia ndiyo nane kwa sita. Jumapili nilikosea."

Ataa Laryea, mwenye karakana, anacheka mpaka pini zinamtoka mdomoni.

"Anti Afoley, Jumapili ulisema kwa spika, mtaa mzima ukasikia. Leo unatuletea mnong'ono mlangoni kama umbea. Sasa tushike lipi?"

Mafundi wake wawili, ambao wanarudia mtihani wa sekondari, wanacheka naye. Afoley anaondoka amenuna. Ni Jumanne, na mtihani wa fasihi ya Kiingereza ni Ijumaa.

Mjane huyu wa miaka hamsini na mbili anaendesha kituo cha matangazo alichoachiwa na mumewe: kibanda cha mbao, kipaza sauti kimoja na spika nne juu ya mlingoti. Kila alfajiri hutangaza misiba, harusi na mbuzi waliopotea. Kutangaza msiba ni sidi thelathini za Ghana. Mbuzi ni kumi tu, "kwa sababu mbuzi hana ukoo wa kumchangia."

Kati ya tangazo na tangazo husoma mambo muhimu ya fasihi kwa watahiniwa, bure. Alianza pale bintiye Adoley alipofeli somo hilo, akabaki anapika kenkey, madonge ya unga wa mahindi ya kuuza, tangu alfajiri bila nafasi ya kufungua kitabu.

"Mikono yake ilikuwa na kazi, lakini masikio yalikaa bure," anasema Afoley. "Nikasema basi, nitamsomea kwa spika. Mtaa ukisikia, usikie."

Adoley alifaulu, na siku hizi anafundisha mjini Tamale. Kelele haikukoma. Leo hii wapika kenkey wa hapa watakueleza tofauti ya tashbiha na sitiari huku wakifunga madonge yao kwenye maganda ya mahindi, na vinyozi hubishana kama shujaa wa tanzia huangushwa na dosari yake mwenyewe au na majaaliwa. Mteja husubiri, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa.

Jumapili ilikuwa siku ya mwisho kabla ya marufuku ya kelele, ile ya kila mwaka makuhani wakishapanda uwele wa Homowo, sikukuu ya mavuno. Kwa mwezi mzima hakuna ngoma wala spika, mbegu ipate kuota kwa utulivu. Mwaka huu mtihani umeangukia humo humo, ndiyo maana Afoley alitaka kumaliza kila kitu siku hiyo.

Alikuwa ametamka tu "Soneti ya Kiingereza" watu wa ukoo mmoja walipoingia kutangaza kifo cha mzee wao. Kwa Afoley, tangazo la msiba lilikuwa halisubiri hata siku moja. Akasoma majina ya wafiwa, kuanzia mjane hadi vitukuu. Aliporudi kwenye soneti alidhani ile aliyokwisha kuitaja ni ya Kiitalia, akaendelea: mistari nane ya kuweka tatizo, sita ya kulijibu. Akazima spika, akaenda kunywa uji.

Kosa alilikuta Jumatatu, kwa Korkoi Adjetey, binti wa miaka ishirini na saba anayemuuzia kenkey.

"Anti, nimeishika!" Korkoi alimpokea. "Ya Kiingereza ni nane kwa sita!"

"Nani kakwambia?"

"Si wewe!"

Korkoi anakwenda kwenye mtihani huo kwa mara ya tatu, na somo hili ndilo pekee linalomzuia kuingia chuo cha ualimu. "Nikifeli tena, mama ameshasema nisahau chuo, nikae na sufuria," anaeleza. Kinachochekesha na kuuma ni kwamba kitabu chake kilikuwa na jibu sahihi. Alilifuta kwa kalamu.

"Kitabu kimeandikwa na mtu mmoja," anajitetea. "Spika imesikiwa na Teshie nzima. Kama ni uongo, mbona hakuna aliyebisha?"

Wapo waliomshauri Afoley awashe spika dakika moja tu. Alikataa. "Nimezaliwa hapa. Uwele uko ardhini."

Alipofukuzwa kwa kicheko kule karakanani, ni Korkoi huyo huyo aliyemkemea. "Anti, una makosa mawili. La pili ni kusimama mlangoni. Nani aliwahi kuletewa jambo la maana na mtu aliyesimama?"

Jumatano walirudi wawili, Afoley amevaa kitenge cha kuendea watu, Korkoi akiwa msemaji wake.

"Agoo!"

"Amee!" wakaitikia mafundi, maana hodi hiyo haikataliwi.

Wakapewa benchi, wakapewa maji. Ataa Laryea hakuwa na pa kuchekea tena: ukishampa mgeni maji, umekubali kumsikiliza.

"Hapa kwetu ni salama," alisema, safari hii kwa heshima, akiwauliza kidesturi kilichowaleta. "Ninyi ndio mlio njiani."

"Hatujaja kwa ubaya," akajibu Korkoi. "Anti Afoley anasema msiba ulimkatiza, akaivisha soneti moja nguo ya mwenzake. Anaomba radhi. Ya Kiingereza ni mistari minne mara tatu, na miwili ya kufungia. Ndilo jambo lililotuleta."

Fundi mmoja akasema, "Irudie, Anti." Wakairudia wote kwa sauti ya chini.

Wakaendelea hivyo kwa watahiniwa wote, nyumba kwa nyumba, hadi Alhamisi jioni. "Nimekunywa kisima kizima," anasema Afoley. Ni mmoja tu waliyemkosa, Tetteh kinyozi, mtahiniwa pia, aliyekuwa amekwenda kwa mjomba wake katika mji wa Keta.

Ijumaa swali la soneti lilikuja, Afoley akisubiri nje ya shule. Korkoi alitoka getini akionyesha vidole: nne, nne, nne, mbili. Nyuma yake akatoka Tetteh, naye anacheka. "Nane kwa sita, Anti! Kama ulivyosema!"

"Nilimwambia ukweli palepale," anasema Afoley, na macho yake yanalengwa na machozi. "Akasema alama chache haziui mtu. Lakini hizo alama nilizichukua mimi."

Matokeo bado. Marufuku ikiondolewa, tangazo lake la kwanza litakuwa la kumwomba radhi Tetteh mbele ya Teshie nzima, na kijana huyo akilazimika kurudia mtihani, Afoley atamsomesha mwenyewe. Zaidi ya hapo ameweka sheria mpya kituoni: soneti ikianza, inamalizwa.

Na wafiwa wakiingia katikati?

Afoley anafuta vumbi kwenye kipaza sauti chake kilichozimwa. "Waketi, wapewe maji. Marehemu hana haraka tena. Mtihani una tarehe."