Reli za Mama Sweta

Usije ukamwambia Mama Sweta kwamba mashine ni chuma tu. Atakukata jicho mpaka usahau ulichokuja kununua. Mashine yake ya kufuma ilikijaza chumba cha mbele ukuta hadi ukuta: kigari cha chuma juu ya reli mbili za chuma, kwenda na kurudi kutwa nzima, na nusu ya watoto wa mtaa walikwenda shule wamevaa alichofuma. Mumewe, Mungu amrehemu, ndiye aliyeitunza. Kila asubuhi alifuta reli kwa kitambaa, akadondosha mafuta mepesi, kisha akakipitisha kigari kitupu, taratibu, bila uzi. "Iache kwanza iamke," alikuwa akisema, naye mkewe akimcheka. Siku hizi angetoa chochote alichonacho asikie tena utani ule.

Mzee alipofariki, mashine ilikaa kimya mpaka ikashika kutu. Hatimaye Mama akapiga moyo konde: atafuma tena, na ikishindikana, basi aje mnunuzi wa vyuma chakavu aibebe. Mwanawe wa kwanza, makanika wa malori, akajitolea kuifufua. Masikini, kwa nia njema kabisa akasugua kutu, akapaka grisi nzito ya lori, akakaza skrubu zote mpaka kigari kikaacha kucheza.

Lo! Kilikwenda kidogo tu. Vumbi la sufu likanasa kwenye grisi, ikawa uji mzito unaosaga chuma. Kigari kikafika mwisho wa reli, kikang'ang'ania huko huko. Mama akavuta, akasukuma, jasho likamtoka.

"Mama, hii imekufa," mwanawe akasema. "Yule wa vyuma chakavu nimeshamwambia aje kesho."

Mama akachukua kitambaa. Alifuta grisi yote kwa mafuta ya taa, akadondosha mafuta ya cherehani, akasukuma tena. Katikati kigari kilipita bila shida. Kwenye miisho kiligoma. Akapitisha kidole juu ya reli. Katikati palikuwa pamelika, kibonde ambacho jicho halikioni. Miaka yote ile kigari kilikuwa kikipita hapo hapo, upana wa kifua cha mtoto, na miisho haikuguswa sana. Ukikaza skrubu ili kitulie katikati, pembeni kinabanwa. Kumbe ndiyo maana mzee aliziacha zimelegea, na mkewe akidhani ni uvivu tu! Alimkumbuka mpaka machozi yakamtoka.

Akalegeza skrubu. Kigari kikaenda, kikarudi.

"Lakini katikati kinayumba, Mama. Nizipeleke reli karakana wazisawazishe, ziwe kama mpya?"

"Thubutu! Hapo pamelika kwa kukufumia wewe na wadogo zako, baba yenu amekaa hapa kando yangu. Hapaguswi."

Kijana akatoka nje na simu, akamwambia yule wa vyuma asije. Aliporudi, Mama alikuwa ameshatia uzi.