Siku Eulalia Aliposimama Wima

Katika mashamba ya saladi ya bonde la Salinas, watu walijuana kwa viatu. Mtu aliyeinama kutwa nzima na jembe la mpini usiofika goti haoni sura ya mwenzake. Huona buti zake tu. Eulalia Bustamante alimjua rafiki yake Hortensia kwa kamba nyekundu ya buti la kushoto. Walikuwa wamepalilia tuta kwa tuta tangu Eulalia alipofika California kutoka kwao Michoacán, akiwa bibi harusi.

Wanyapara walilipenda jembe lile fupi. Nyapara Baldomero aliweza kukaa garini, akatupa jicho shamba zima, na papo hapo akamjua mvivu: ni yule aliyesimama.

"Nani huyo mlingoti?" alizoea kufoka. "Hapa halipwi mtu kwa kutazama ndege!"

Basi watu walijifunza kutosimama, hata mgongo ukiwaka moto. Wa Eulalia uliwaka mapema. Ilifika mahali mumewe, Crescencio, ndiye aliyemfunga viatu kila asubuhi. Daktari alimwonya kwamba akiinama msimu mmoja zaidi, hatalima tena.

Miaka hiyo wafanyakazi wa mashambani waligoma na kuandamana, na Eulalia aliandamana nao, mkanda mpana umembana kiuno. Mawakili wa wanyonge wakaifikisha habari ya jembe mbele ya serikali ya jimbo. Wenye mashamba walijitetea kwamba jembe refu litaharibu miche. Hata hivyo, mwaka 1975 jembe fupi likapigwa marufuku.

Furaha haikukaa sana. Baldomero alileta majembe mapya akiwa amenuna.

"Haya, akina mama. Serikali imewapa mipini mirefu, lakini saladi ni ya tajiri. Jioni nakagua kila tuta. Atakayenikatia miche mizuri, kesho abaki kwake."

Eulalia alishika jembe jipya. Lile la zamani lingemlemaza. Hili, asipoliweza, lingemfukuzisha kazi. Punde akamsikia Hortensia akiangua kicheko.

"Shoga, unafanya nini?"

"Si napalilia!"

"Hebu jitazame!"

Eulalia akajitazama. Alikuwa ameinama vilevile kama jana, ameshika mpini karibu kabisa na chuma, na sehemu iliyobaki imechomoza nyuma ya bega kama mkia.

"Nikisimama najiona kama naiba," akanong'ona.

"Basi iba! Leo tuko wezi wengi."

Akanyooka polepole, akavuta jembe kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na mche mmoja mzuri ukakatika. Akaufukia haraka kwa ncha ya kiatu.

"Nimekuona," Hortensia akasema.

"Umeona nini? Funga domo, fanya kazi."

Taratibu mikono yake ikaelewa. Hakuhitaji kupiga; uzito wa chuma ulitosha kupunguza miche iliyosongamana na kuacha mmoja kila baada ya shubiri. Jasho lilimtoka, lakini pumzi iliingia kifuani mpaka chini, jambo ambalo alikuwa amelisahau.

Jua lilipopanda, Baldomero akaruka kutoka garini kwa mazoea.

"Nani huyo amesi—"

Shamba zima lilikuwa limesimama.

"Ni mimi, nyapara!" akaitika mmoja.

"Na mimi!" akadakia mwingine, na kicheko kikavuka matuta kutoka mwanzo hadi mwisho.

Jioni Baldomero alikagua kweli. Alilipitia tuta la Eulalia ameinama, akifukua hapa na pale, mpaka akauibua ule mche uliofukiwa. Alipojaribu kunyooka, mkono ulimwenda kiunoni.

"Pole, nyapara," Eulalia akasema. "Mgongo?"

Baldomero akautazama mche, akalitazama tuta.

"Mmoja," akanung'unika. "Kwa jembe fupi ulikuwa unanikatia mingi zaidi." Akautupa. "Kesho uwahi."

Eulalia akageuka kumpa rafiki yake habari, akashangaa.

"Shoga! Umeota mvi lini?"

"Zamani sana. Wewe ulikuwa unatazama buti."

Mgongo wa Eulalia haukupona wote, lakini daktari hakumtajia tena ulemavu, naye aliendelea kulima kwa misimu mingi. Asubuhi iliyofuata siku ile ya kwanza, Hortensia alikuja na buti mpya, zisizo na kamba nyekundu. Eulalia alimtambua kwa sura angali mbali, akampungia mkono.