Siku Mjomba Alipoitwa Darasani

Somo nililolipenda kuliko yote katika shule ya wainjilisti, kando ya mji wa Baraka ulioko ufukweni mwa ziwa, liliitwa Dini za Ulimwengu. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatawala, na sisi vijana wa Kiprotestanti tulikaa kwenye mabenchi tukijifunza habari za Wahindu, Wabudha na Wayahudi, watu ambao wengi wetu hatukuwahi kuwaona. Mwalimu wetu, mmisionari wa Kizungu aliyekijua Kiswahili vizuri, alizoea kusema kwamba Mkristo hana ruhusa ya kuisingizia dini ya mwenzake. Kwa neno hilo nilimpenda.

Tulipofika kwenye Uislamu, alinibakiza baada ya kipindi. Alijua kwamba mama yangu alizaliwa katika nyumba ya Waislamu, akabatizwa alipoolewa, na kwamba kaka yake, fundi cherehani pale Baraka, alikuwa bado anaswali.

"Mwombe mjomba wako aje atufundishe," aliniambia. "Atakuwa mgeni wetu. Hakuna atakayebishana naye."

Mjomba alisita kidogo. "Ni kweli banataka kusikia tu?"

"Kweli, mujomba. Mwalimu mwenyewe amesema."

Alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amebeba mikate ya mchele aliyoipika mke wake kwa ajili yetu. Alieleza juu ya swala, juu ya kufunga, juu ya baba yake aliyemfundisha kutawadha ziwani. Mwenzetu mmoja, mtoto wa wafugaji wa Bibokoboko, akauliza mtu anafungaje akiwa safarini na ng'ombe. Mjomba akacheka, akamjibu, na darasa zima likacheka naye. Nilijisikia vizuri kupita kiasi.

Ndipo mwalimu akasimama, akaondoa kitambaa kilichofunika ubao. Chini yake palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa: MAKOSA YA UISLAMU.

"Mmesikia jinsi mtu anavyosema akiwa gizani," akasema. Kisha akanigeukia. "Simama umjibu mjomba wako."

Nilisimama. Mwalimu akaanza kusoma mistari ya Biblia yeye mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na alipomaliza akamwambia mjomba apige magoti aombewe. Papo hapo wenzangu wakainuka kwa pamoja na kuimba wimbo wa kuwaita wenye dhambi, kwa sauti zote nne. Wimbo ulikuwa umefanyiwa mazoezi. Mimi peke yangu sikuujua.

Mjomba hakupiga magoti; alingoja wamalize. "Bwana, uliniita niseme juu ya dini yangu," alisema. "Nimesema. Na wewe karibu kwangu siku yoyote. Utakunywa chai, hakuna mutu atakusumbua."

Akatoka. Nilimkimbilia njiani.

"Mujomba, mi sikujua!"

"Naona hukujua," alijibu bila kusimama. "Angeniita yeye, ningekatala. Alituma mutoto ya dada yangu."

Niliporudi, nilimwuliza jirani yangu wa benchi kwa nini hakunidokezea. Aliinamisha macho. "Balitukataza kukuambia."

Mwalimu nilimkuta anafuta ubao. Nilidhani ataona haya. "Ungejua, usingemleta," alisema kwa upole. "Nilifanya kwa ajili ya roho yake."

Mama hakumsalimia tena mtu yule. Mjomba aliendelea kunipokea na kunikaribisha chakula, ila hakuniuliza tena tunasoma nini, jambo ambalo zamani lilikuwa neno lake la kwanza kila nilipoingia. Mimi nilimaliza shule, nikapelekwa Swima kuhubiri, na Mkristo ndiye niliye mpaka leo. Lakini mwalimu alipoagwa kurudi kwao, wenzangu wakateremka ufukweni kumwimbia. Mimi nilikwenda shambani kupalilia mihogo.