Beki Aliyeinua Mkono

Mimi si mtu wa mpira, na wanaonijua watacheka wakisikia nimekaa kuandika habari za beki. Klabuni niliingizwa na lugha tu. Marehemu baba alikuwa na duka kaskazini mwa Msumbiji, nikasoma huko kwa Kireno mpaka nilipotimiza miaka kumi na minne, ndipo tukahamia Maskati. Tangu hapo Kireno changu kilikaa zaidi ya miaka ishirini bila kazi. Kisha klabu moja ya hapa mjini ikasajili beki wa kati kutoka Brazil asiyejua Kiarabu wala Kiingereza, na binamu yangu aliyemo kwenye kamati akanikumbuka. Asubuhi nilikuwa karani wa serikali, jioni nikawa mkalimani. Nilikubali kwa majivuno, niseme kweli. Nilitaka watu wanisikie nikisema Kireno.

Alikuwa na miaka thelathini na nne, upara umeshaanza, mwendo wake wa taratibu kama mtu anayeingia msikitini akiwa amechelewa na hataki kujulikana. Klabu ilimpangia nyumba Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, na mimi nilikuwa nikimpitia kila siku baada ya alasiri. Humo garini ndimo nilimojua maisha yake. Baba yake alichoma matofali katika mji mdogo wa bara huko kwao. Yeye alianza kucheza kwa sababu ya urefu, wala si kwa kipaji. Alilisema hilo bila kinyongo. Alipita klabu ndogo nne za nyumbani, akaenda Ureno daraja la pili, akaenda Saiprasi, kisha akaja Ghuba. Katika miaka yote hiyo picha yake ilitoka gazetini mara moja tu, nayo ilipigwa kwa nyuma, akiutazama mpira uliokwisha kuingia wavuni.

"Mgongo wangu ni maarufu," aliniambia, akacheka mwenyewe.

Jambo lake moja lilinikera mwanzoni. Beki wetu wa kulia alikuwa askari polisi, kijana aliyeoa karibuni, mwenye mbio na papara. Alikuwa akipanda mbele na kusahau kurudi, na bao likiingia kwa upande wake, Mbrazil huyu aliinua mkono juu, kiganja wazi, akiwageukia watazamaji. Yaani, kosa langu. Na hapo yeye alikuwa mbali kabisa. Siku moja nikamuuliza anachukuaje lawama isiyo yake.

"Baba yake yuko jukwaani," akanijibu. "Na wajomba zake, na shemeji zake. Mimi hapa sina mtu."

Nikaongeza baridi ya gari.

Ijumaa alikuwa akija kula kwetu. Mama yangu, Mzanzibari asiyeamini kuwa mtu anaweza kushiba mara moja, alimpenda siku ya kwanza. Hawakuwa na lugha ya pamoja, lakini mama hakujali. Alimsemesha Kiswahili tu, akimwekea samaki wa kupaka juu ya wali ambao bado hajaumaliza. "Kula mwanangu, mbona waushikashika tu? Nnakuona!" Na alimfundisha neno la kwanza. Mama ana miguu mibaya na presha, lakini ukimuuliza hali hujibu, "Kheri tu." Mbrazil akalidaka. Kila Ijumaa akiingia mlangoni mama humuuliza, "Hujambo, vipi goti?" naye huinama kumbusu kichwani na kujibu, "Kheri tu," na sote tukacheka.

Goti lilikuwa la kulia. Alilifunga barafu kila baada ya mazoezi, na asubuhi za Jumamosi nilimpeleka Yiti akatembee ndani ya maji ya bahari, suruali imekunjwa, wavuvi wakimtazama na kunong'onezana. Kiangazi kilipofika klabu ikamtaka asaini msimu mwingine. Wakati huohuo klabu yake ya kwanza, ile ya mji wa matofali, ikamwandikia: njoo ufundishe vijana wetu, tupe jibu kabla mwezi haujaisha. Akasema ataamua akishaonana na daktari wa mifupa.

Nilikaa kati yao wawili. Daktari alikuwa mzee mkavu, anasema Kiarabu kwa haraka huku akiitazama picha ya goti ukutani. Alisema gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Akicheza msimu mmoja zaidi, goti lile halitakuwa goti tena, na atatembea kwa mkongojo kabla hajafika arubaini. Kisha akanisubiri nitafsiri.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jinsi tulivyolelewa, ingawa najua si udhuru. Kwetu mgonjwa hapigwi na habari usoni. Baba alipougua, nyumba nzima ilijua ana nini isipokuwa yeye. Tuliingia chumbani kwake tukitabasamu, tukamwambia daktari amesema kheri, kisha tukatoka kulia jikoni. Tuliona huo ndio utu, na mpaka leo sehemu yangu moja bado yaona hivyo. Basi nilimtazama mtu yule ameegemea mbele, mikono yote miwili juu ya goti lake kana kwamba analiombea, na ulimi ukaenda wenyewe.

"Anasema goti limechoka," nikamwambia. "Ulitunze sana. Inshallah kheri."

"Naweza kucheza?"

"Ukijitunza."

Akanikumbatia palepale. Daktari akatushangaa kidogo, akadhani labda Wabrazil hupokea hivyo mambo mazito. Kamati nayo ilipoiona karatasi ya daktari ikasema mchezaji ameshaelezwa, uamuzi ni wake. Akasaini. Jioni ile nyumbani kwetu akawapigia simu watu wa mji wake, akawaambia wamtafute mwalimu mwingine. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, kikombe cha kahawa mkononi, naelewa kila neno. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema. Nilijiambia nitamwambia kesho, na kesho ile ikawa na kesho yake.

Niliangalia mechi nyingi msimu ule kuliko maisha yangu yote, na sikuifurahia hata moja. Watu walitazama mpira, mimi nilitazama goti. Kila akiruka nilishika kiti. Mama alinigombeza kwamba nimekonda, akadhani nina mke wa siri. Nilimwambia habari yote. Akasema, "Ulimfanyia kama tulivyomfanyia baba yako," na sikujua kama ananisifu au ananilaumu. Nadhani hata yeye hakujua.

Goti lilikatika bila kuguswa na mtu. Alikuwa anageuka tu karibu na kibendera cha kona, kuziba pengo la yule askari aliyekuwa amepanda tena. Aliketi chini polepole, akanitafuta kwa macho kwenye benchi.

Hospitali tukaingia kwa daktari yuleyule, Mbrazil amelala kitandani, mguu umefungwa mbao. Safari hii binamu yangu wa kamati alikuwemo, jalada magotini. Daktari alitazama picha mpya, akavua miwani, na alikuwa na hasira.

"Muulize kwa nini alicheza," akaniambia. "Nilimwambia hapahapa, kabla ya msimu, kwamba goti limekwisha. Nilimwambia atatembea kwa mkongojo. Muulize!"

Binamu yangu akanigeukia. Ningeweza kulainisha tena. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Lakini nilikuwa nimechoka kuubeba mzigo ule, na nilimwonea aibu yule aliyelala kitandani. Nikamtafsiria neno kwa neno, hata mkongojo sikuuacha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alinitazama muda mrefu. Niliona mawazo yake yakirudi nyuma, siku ile, kukumbatiana kule, simu ile ya kwetu, wale vijana wa mji wa matofali. Yote yalipita usoni mwake, nami nikayaona yakipita. Kisha akamgeukia daktari, akainua mkono juu, kiganja wazi.

"Mwambie ni kosa langu," akasema. "Aliniambia vizuri. Mimi sikusikiliza."

Nikatafsiri. Daktari akatikisa kichwa, akasema wachezaji wote ndivyo walivyo, na binamu yangu akaandika kwenye jalada.

Nje, nikiwa nasukuma kiti chake cha magurudumu, nilianza kuomba radhi kwa Kireno kilichokatikakatika. Alinizuia.

"Yule mwenye jalada ni ndugu yako," akasema. "Mimi hapa sina mtu." Na mara hii alilisema kwa uchungu.

Hakunisamehe siku ile. Ijumaa tatu hakuja kwetu. Mama aliweka sahani yake na kuiondoa bila kuniuliza. Ya nne akaja kwa magongo, akakaa mahali pake, akala sana, akambusu mama kichwani. Mwezi uliofuata nilimpeleka uwanja wa ndege.

Sasa yuko mji wa matofali. Nafasi ya mwalimu ilishachukuliwa; anauza vifaa vya ujenzi katika duka la shemeji yake. Hunitumia ujumbe wa sauti mara mojamoja, humuulizia mama, hunicheka. Mimi humuuliza jambo moja tu, goti linaendeleaje, naye hunijibu kwa Kiswahili cha mama yangu.

"Kheri tu," husema. Nami nyuma ya sauti yake husikia mkongojo ukigonga sakafuni.