Meli Iliyofungwa kwa Sima

Enzi zetu pale Rumonge saa haikuvaliwa mkononi. Ilikuja ziwani ikitoa moshi: Subira, meli ya mvuke iliyovuta matishari ya mawese na ndagala, dagaa wa kwetu, waliokaushwa hadi Bujumbura. Baba yangu ndiye aliyechochea moto wake. Wakikaribia nyumbani alipiga filimbi mara mbili, ndefu, na mama akabandika maji ya ugali papo hapo. Baba akifika mlangoni, ugali uko mezani. Watoto wa leo huitwa kula kwa simu mara tano, nao wako chumba cha pili.

Tulicheza meli kwa tawi la mchikichi: mmoja anavuta, watano wamelikalia, kaptula zinabaki njiani. Mama hakuuliza nani kaumia. Aliuliza nani kachana nguo.

Subira ilipozeeka, ikaundwa kamati ya kuihifadhi: mwenyekiti, makamu, mshauri, na mshauri wa mshauri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulowa. Wakaivuta hadi ufukweni, wakaipaka rangi ya waridi, wakapanga humo viti vya buveti, watu waje kunywa bia. Kisha, isije ikaondoka, wakaijengea sima, si ile ya kula bali saruji, mpaka kiunoni.

Baba alikwenda kuwauliza. “Munafunga meli na sima? Haiko nyumba hii, iko kitu ya mayi!”

“Muzee, tulia,” mwenyekiti akamjibu. “Sima ndiyo maendeleo.”

Mwaka huo huo mama alifariki. Baba hakulia mbele yetu. Kila asubuhi alikwenda kuigusa ile meli, na aliniambia amebakiwa na ombi moja tu, kuiona ikielea tena kabla hajafa. Iliniuma, kwa sababu sikuwa na la kumfanyia.

Ndipo ziwa likapanda. Vikaelea mitumbwi, milango, viti vya buveti, hata meza ya mwenyekiti. Kitu pekee ambacho hakikuelea Rumonge nzima kilikuwa meli. Kamati iliitisha kikao cha dharura, kikaahirishwa kwa sababu ukumbi ulijaa maji.

Baba akachukua nyundo, akaingia majini. Sisi tuliocheza meli kwa tawi la mchikichi, sasa tuna mvi na migongo mibovu, tukamfuata na mitaimbo. Vijana walisimama pembeni wakiturekodi mpaka alipowageukia: “Weka simu, bana! Shika mutaimbo!” Wakashika, na kusema kweli walituzidi nguvu.

Siku ya tatu sima ikapasuka. Subira ikatikisika, ikainuka kama shubiri moja. Filimbi yake ilishauzwa zamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, basi baba akaweka mikono mdomoni, akaipiga mwenyewe mara mbili, ndefu.

Enzi zile mama angeshaisikia, na moshi ungekuwa umeshatoka jikoni kwetu. Nikageuka kuutafuta, nimesahau kabisa. Baba naye alikuwa amegeuka.