Dole Gumba Chini ya Vanishi

Kaka yangu alifanya kazi kwenye kivuko cha Kigongo mpaka alipofariki ghafla kwa shinikizo la damu. Aliacha mezani kivuko kidogo alichokichonga kwa mbao, kimeshapakwa rangi ya buluu, lakini bado hakijabandikwa stika za jina. Mjane wake aliniomba nikimalizie.

Kaka ndiye aliyenifundisha kazi hiyo. Kabla ya stika lazima upulize vanishi ya kung'aa, kwa sababu rangi isiyong'aa si laini. Stika hunasa hewa chini yake na kuacha weupe.

Nilipuliza barazani kwa shemeji, Misungwi, asubuhi isiyo na upepo. Vanishi ilipoanza kukauka, ubavuni, mahali hasa pa jina, ikajitokeza alama ya dole gumba. Mimi sikuwa nimegusa pale. Katikati ya alama ulipita mstari wa kovu. Nikamwita shemeji.

Aliinama, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kamba ya kivuko ndiyo iliyomkata," akasema. "Huyu ni yeye."

"Naweza kuisugua kwa msasa, kisha nipulize upya."

"Hapana, shemeji. Jina liweke upande mwingine."

Nikafanya hivyo. Kivuko kipo juu ya kabati lake, na nikienda kumsalimia huchagua kiti ambacho hakinionyeshi upande ule. Siku moja nilimkuta ameweka kidole chake juu ya alama, anaongea taratibu. Nilirudi nje nikasubiri amalize.