Kitabu cha Kusoma Nyota

Juzi niliombwa niwachagulie watoto wa Majengo vitabu vya elimu, kwenye mkutano wa wazazi wao. Mjukuu wangu Zainabu akashika kimoja kilichoandikwa juu “Kusoma Nyota.” Nilimnyang'anya mbele ya wazazi wote, nikakitupa chini.

“Hapa hatufundishi watoto kupiga ramli!” nilinguruma, na wala sikuwa nimekifungua.

Zainabu akalia. Maalim wa madrasa akakiokota, akafunua kurasa taratibu.

“Mzee wangu, huu si uganga. Ni elimu ya anga. Kwa nyota hizi wazee wetu waliijua kibla.”

Namshukuru Mungu kwa upole wa Maalim, maana mjukuu wangu hakuwa nao. Alijifuta machozi, akauliza kwa sauti:

“Basi Babu, wewe siku zote unaswali ukielekea wapi?”